Fundi Aliyeficha Kwapa

Bi Chaki alifundisha kila kitu isipokuwa kwapa. Alifundisha kupima, kukata, kutia zipu isiyovimba na kupiga pindo lisiloonekana kwa nje, na alifundisha vizuri kuliko wengi wanaojiita walimu. Lakini likifika suala la kwapa, pale mkono wa gauni unapoungana na kiwiliwili, alisema uongo. Aliusema uongo huo miaka kumi na miwili, kila Jumanne na Alhamisi jioni, mbele ya watu wazima walioacha watoto na masufuria nyumbani ili waje kumsikiliza.

Simlaumu haraka, maana najua alikotoka. Alianza kwa kuokota vifungo. Akiwa na miaka kumi na saba alifagia karakana ya mafundi wanne, na malipo yake yalikuwa chochote kilichoanguka sakafuni. Mafundi walicheka. Mwaka ulipoisha alikuwa na makopo matatu ya vifungo vilivyochambuliwa kwa rangi, na fundi aliyepungukiwa kifungo cha sita kwenye shati la mteja hakuwa na pa kwenda ila kwake. Hakuuza. Alibadilishana: kifungo kimoja, somo moja. Hivyo ndivyo alivyoipata kazi, kwa kuwabana wenzake walipobanwa. Hisani aliisikia ikitajwa tu, kama mtu asikiavyo habari za nchi asiyo na nauli ya kuifikia.

Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa ukumbi wa jamii. Alipokiomba, paa lilivuja, dirisha halikuwa na kioo, na kamati ilikitumia kutupia viti vilivyovunjika. Aliwaambia atalitengeneza paa mwenyewe, na badala ya kodi atafundisha ushonaji jioni mbili kwa wiki. Kamati ikaona imempata mjinga. Kisha soko likahamia ng'ambo ya barabara, chumba kikawa kinatazamana na lango lake, na mjinga akajulikana ni nani.

Sasa jiweke mahali pake. Kila mwaka unawafundisha watu ishirini kazi ileile inayokulisha, hatua kumi kutoka unapoifanyia. Ukiwapa yote, baada ya miaka miwili utakuwa unashona mapazia ya jirani kwa huruma ya jirani. Kwa hiyo aliwaambia wachimbe kwapa vidole viwili chini zaidi. "Mpe mteja nafasi ya kupumua," alisema, na neno hilo liliwaingia kwa sababu linafanana na ukweli. Kumbe kwapa ni kinyume. Likikaa juu, karibu na mwili, mkono unakwenda unakotaka. Likichimbwa chini, mkono na kiuno vinafungwa kamba moja. Ukiinua mkono unanyanyua gauni zima, na kama kiuno kimebana, kitu lazima kiachie. Gauni la namna hiyo linampendeza sana mtu aliyesimama wima na kunyamaza.

Wateja wa wanafunzi wake hawakuwa watu wa kusimama wima na kunyamaza. Walifua, walianika, walibeba watoto. Nguo ilipoachia waliipeleka kwa Bi Chaki, naye aliigeuza nje ndani, akauliza nani kaishona kama vile hajui, akavuta mdomo. Alitia kipande cha pembe nne kwapani, na kuanzia siku hiyo mteja alikuwa wake.

Msimu wa joto darasa lilifunguliwa milango yote miwili. Ng'ambo ya ukuta kwaya ilifanya mazoezi, chumba cha nyuma watu walijifunza kompyuta, na katikati ya yote hayo ulisikia ulimi wa Bi Chaki. Alimuuliza mpishi wa hospitali kama ile ni suruali au ni gunia la viazi lililoota miguu. Mlinzi wa benki, mwanamume pekee darasani, aliambiwa anakata kitambaa kama anayekimbizwa na wezi badala ya yeye kuwakimbiza. Hawakumpenda, na yeye hakuomba kupendwa.

Aliyemrudishia ni mmoja tu, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyejiandikisha darasani zaidi kwa kutaka kuona aibu kuliko kutaka kushona. Jioni moja wifi alisema mbele ya wote kwamba kaka yake alipooa alikuwa haoni vizuri, lakini yeye macho anayo.

"Kama macho unayo, wifi," Bi Chaki akamjibu bila kuinua kichwa, "tunga uzi kwenye hiyo sindano. Nakungoja tangu saa kumi na moja."

Aliyemshika hakuwa wifi. Alikuwa nesi wa zahanati, mwanafunzi mwenzake, mwanamke mpole wa maneno machache. Gauni alilojishonea lilipasuka akiwa anatundika chupa ya dripu, mbele ya mgonjwa aliyesahau maumivu kwa kucheka. Nesi anaujua mwili wa mtu unavyofunguka na kukunjika, kwa hiyo hakujilaumu kama wenzake. Alinunua kwa mteja mmoja gauni kuukuu lililoshonwa na Bi Chaki mwenyewe, akalifumua usiku kucha uzi kwa uzi, akalilaza juu ya lake. Kwapa la Bi Chaki lilikuwa juu zaidi kwa vidole viwili. Akatafuta la pili, akapata vidole vilevile viwili. Akanyamaza. Mtu mwenye bidhaa nzuri hapigi kelele kabla soko halijafunguliwa.

Soko lilifunguliwa jioni ya maonyesho, ambayo ukumbi huifanya kila mwaka joto linapopamba. Kila darasa huonyesha kazi yake, kwaya huimba, na mwishoni hupigwa kura juu ya mambo ya ukumbi. Mwaka huo katibu wa kamati alikuwa na shemeji mwenye mashine ya kutoa nakala, na shemeji alikuwa anakitamani chumba kinachotazamana na lango la soko. Swali likawekwa: Bi Chaki abaki au atoke?

Bi Chaki hakuogopa. Wapiga kura walikuwa kama sitini, na arobaini walikuwa wanafunzi wake wa zamani na wa sasa. Walimchukia, sawa, lakini walitaka darasa. Kura zilikuwa za karatasi miaka yote. Akawaagiza kila mmoja aje amevaa alichokishona mwenyewe, watu waone kazi kabla ya kuandika.

Wakaja wamependeza, wanawake kwa magauni ya kubana kiuno, mlinzi kwa koti lililomkaa kama ngozi. Wakasimama wima. Ukumbi ukawasifu. Kisha katibu akapanda jukwaani na kusema mwaka huu hakuna karatasi, watainua mikono, maana anataka kumwona kila mtu usoni.

Bi Chaki alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Kiti kilikuwepo kwa bahati. Alisema kura siku zote ni karatasi. Katibu akasema karatasi zimekwisha. Bi Chaki akasema anavyo vitambaa, atavikata vipande sasa hivi.

"Mikono, Bi Chaki," katibu akasema. "Au wanafunzi wako hawana mikono?"

Akauliza nani anataka abaki, na wanafunzi wakainua. Wa kwanza kupasukiwa alikuwa mpishi. Mshono ulilia tangu kwapani hadi kiunoni, na watu wakageuka. Halafu mwingine, na mwingine, kama mahindi yanayopasuka kikaangoni. Koti la mlinzi liliachia pande zote mbili kwa mpigo. Wengine walisikia ya wenzao wakaganda, viwiko vimebana mbavu, viganja vimenyooshwa mbele kama wanaoomba sadaka. Waliopasukiwa walishusha mikono haraka kuziba. Katibu, huku machozi ya kicheko yakimtoka, alihesabu na kutangaza kwamba mkono ulioshuka si mkono. Kumi na tisa. Upande wa shemeji, waliovaa nguo za dukani, mikono ilipanda bila taabu. Ishirini na miwili.

Hapo nesi akasimama. Hakuwa amepiga kura upande wowote. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, polepole, akaiacha hapo. Gauni lake alilishona mwenyewe, kila mtu alilijua, na halikutoa hata mlio. Akasema kwa sauti ileile anayowaambia wagonjwa wavue shati: vidole viwili. Akaeleza alichofumua na alichokuta.

Kicheko kikafa. Miaka kumi na miwili ya wateja waliorudi na malalamiko, ya waume waliowaambia wake zao waache kujisumbua hawana kipaji, yote ikapata jina katika dakika moja. Mpishi alisema alilia siku mbili usiku kwa koti alilomshonea bosi wake likapasuka. Wifi alikuja mbele huku amejishika ubavu.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. "Wewe umechimba kwapa, wifi. Ingia sasa, tukufukie."

Bi Chaki alisimama. Wengi walingoja aombe radhi. "Mlitaka niwanolee kisu, halafu niwape na shingo?" akawauliza. "Mimi sikuzaliwa na kwapa hili. Nililipata kwa vifungo, nikiwa nafagia. Nyie mlinipa nini?"

Walimpa matusi, kwa kuanzia. Katibu akasema basi, matokeo yamekwisha kujulikana, lakini nesi akamwambia bado yeye hajapiga kura, na wengine waliinua wakachekwa wakashusha, kwa hiyo kura irudiwe. Kisha akawageukia wenzake. Mwanamke huyu akitoka leo, anatoka na kwapa lake. Yeye nesi amelifumua na kulinakili kwa umbo lake mwenyewe tu. La mtu mnene, la mtoto, la mwenye bega moja chini, halijui. Shemeji wa katibu atawafundisha nini, kubonyeza kitufe? Ukumbi ukaunga mkono kwa kelele, na katibu, alipowahesabu na kuuangalia mlango, akakubali kura irudiwe.

"Fundisha," nesi akamwambia Bi Chaki. "Kisha tunapiga."

"Pigeni. Kisha nafundisha."

"Mwalimu, hapa hakuna anayekuamini hata saa ya ukutani ukiisoma wewe."

"Na mimi nikiwaamini nyie nitalala wapi?"

Walibishana hivyo hadi jua likashuka kwenye madirisha, na bei ikapatikana. Kwapa lina pande mbili: la mbele huchimbwa zaidi kuelekea kifuani, la nyuma kidogo, na moja bila jingine ni bure. Angefundisha la mbele, wapige kura, kisha la nyuma.

Akasogeza meza katikati. Akamsimamisha mpishi, mtu mnene kuliko wote, akampima bila utepe, kwa vidole, akisema kila anachofanya kwa sauti kavu. Chaki ikapita, mkasi ukapita. Watu waliokuwa wakimtukana waliinama juu ya mabega yake hadi akawaambia wamwachie hewa. Alipomaliza la mbele akauweka mkasi chini na kumtazama katibu.

Katibu akauliza tena. Waliopasukiwa hawakuwa na cha kuziba tena, na walioganda mwanzo waliona heri kupasukiwa, kwa hiyo safari hii hakukuwa na kitu cha kuzuia mkono. Thelathini na nane, na kwapa wazi chini ya kila mmoja isipokuwa wa nesi. Huo ulipanda wa mwisho. Wa wifi ulikuwemo. Alisema anauinulia chumba, si mtu.

Bi Chaki akauchukua mkasi na kukata la nyuma, hakupunguza hata unyoya. Mali iliyokwisha kulipiwa aliitoa kamili. Hilo halikuwahi kumshinda.

Ndani ya miezi minane nesi na mpishi walifungua karakana yao mtaa wa pili, na nusu ya wateja wa Bi Chaki wakahamia huko. Chumba kimebaki chake. Darasa nalo limejaa kuliko zamani, ila hakuna anayemsalimia akiingia, na kila somo linaanza kwa namna moja: wanafunzi wanachukua nguo mojawapo aliyowashonea wateja wake, wanailaza mezani, wanaifumua mbele yake, wanalinganisha na alichowaambia wiki iliyopita. Jumanne ya kwanza wifi ndiye aliyenyoosha mkono kuomba wembe. Bi Chaki akampa mwenyewe.

"Anzeni na kola," akasema. "Najua mmeshaanza kuitilia shaka."