Mpiga Mbiu na Ushindi Unaosogea

Abbasi alikuwa mtu wa kukagua. Ukimpelekea kikapu cha mtama, hutia mkono mpaka chini aone kama mtama wa juu na wa chini ni mmoja. Ukimwamkia atakujibu vizuri, kisha atakutazama unavyoondoka. Mkewe, Mwamvua, alikuwa akisema kwamba mumewe akiulizwa jina lake atataka kwanza kujua nani anauliza na ana shida gani. Lakini tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kazini, na kazi yenyewe alipewa na Wajerumani.

Alikuwa Mrangi wa Kondoa. Ujanani alibeba tumbaku na samli kwa miguu, akafika Mpwapwa, akafika Moshi, na mara mbili akafika Tanga. Njia zote hizo alizijua kwa siku za mwendo, na mahali pa maji alipajua hata pale ambapo maji hayapo tena. Reli ilipofika Dodoma, wachukuzi wa namna yake wakakosa kazi. Boma la hapo Dodoma likamwajiri kupiga mbiu kwa pembe, kwa sababu alikuwa na pumzi nyingi na Kigogo alikisema bila kukwama.

Pembe alifundishwa na Matonya, mfugaji wa upande wa Hombolo, mzee mwenye masikio yaliyotobolewa na ulimi mkali.

"Wewe Mrangi," Matonya alimwambia siku ya kwanza, "ukikosea utatuua. Sikiliza. Mara tatu, ndefu, unapumua katikati. Hiyo ni ya mkutano. Watu watakuja na kelele zao na uvivu wao. Ila ukipiga fupifupi, bila kupumzika, hiyo ni ya wezi wa ng'ombe. Hakuna atakayekuuliza kitu. Kila mwanamume ataacha alichoshika. Wengine watakimbiza wezi, wengine watapeleka mifugo porini, na huwaoni mpaka siku ya tatu."

"Na mtu akiipiga ya wezi kwa uongo?"

"Analipa dume la ng'ombe. Wewe huna hata mbuzi, kwa hiyo usijaribu."

Wajerumani wa boma hawakujua kama pembe ina milio miwili. Kwao pembe ilikuwa pembe.

Vita vya Wazungu vilipoanza mwaka wa 1914, Bwana wa boma alimwita Abbasi akamwambia atangaze wapagazi. Miezi mitatu tu, alisema, kisha kila mtu kwake. Abbasi akapiga mara tatu, ndefu, na akaamini alichokuwa akikitangaza. Aliamini hata akamwendea mdogo wake Halfani, aliyekuwa amelala barazani na homa ya uvivu, akamwambia, "Inuka. Ndugu wa mpiga mbiu asipotoka, nani atatoka?" Halfani akatoka wa kwanza. Alikuwa kijana wa kuchekacheka, akaondoka anacheka.

Miezi mitatu ikapita. Ikapita mingine mitatu. Ukapita mwaka mzima.

Kila zilipokuja habari za ushindi Abbasi aliitwa azitangaze. Ushindi wa kwanza ulikuwa Tanga, na watu wakapiga vigelegele. Uliofuata ulikuwa Moshi. Ukaja mwingine, huu wa Kondoa. Siku hiyo Abbasi alishusha pembe mdomoni akabaki amesimama, maana miguu yake ilikuwa imeanza kuhesabu yenyewe. Tanga ni mwendo wa siku zaidi ya ishirini. Moshi ni siku kumi na nane, ukienda vizuri. Kondoa ni siku sita, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni huenda saba.

Alirudi nyumbani akamwambia Mwamvua, "Hawa watu wanashinda wakija huku."

"Labda wanarudi kupumzika."

"Mtu aliyeshinda hupumzika palepale aliposhindia. Hebu niambie, ushindi unaofuata utakuwa wapi? Jikoni kwako?"

Mwamvua hakucheka. Alimpenda shemeji yake.

Mwezi wa sita mwaka wa 1916 alirudi Methusela, Mkristo wa Mvumi, aliyekuwa akiwapikia maofisa vitani. Walimwachia kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umeoza kwa funza na hakuweza tena hata kubeba sufuria. Abbasi alimpokea stesheni akamkalisha kivulini, akamuuliza la Halfani kabla hata ya kumpa maji. Aliona aibu baadaye.

"Yupo," Methusela alisema. "Anabeba risasi za mzinga. Amekonda, lakini yupo."

"Na vita?"

Methusela akatazama huku na huku. "Kaka Abbasi, nilikuwa napakua chakula. Ofisa mmoja alikuwa akimweleza shaushi wetu, yule mkubwa wa askari weusi, kwa Kiswahili. Alisema hivi vita vya huku si vya kushinda. Vya kushinda viko kwao Ulaya. Huku kazi yetu ni kuwachosha Waingereza, wasipeleke watu wao kule. Tunapigana, tunarudi nyuma. Tunapigana, tunarudi nyuma."

"Mpaka lini?"

"Shaushi aliuliza hivyohivyo. Yule ofisa alimwambia: mpaka vya kule kwao viishe."

Abbasi alikasirika. Kama watu hawa wenyewe walijua hawashindi, mdogo wake alikuwa amebeba nini miaka miwili? Kwa nini wasiache, kila mtu akarudi kulima? Wangeacha jana, waliokufa jana wangekuwa hai. Hesabu hiyo hata mtoto angeiweza, ila wenye vita hawakuwa wakiifanya kwa sababu waliokuwa wakifa hawakuwa wa kwao.

Wiki chache baadaye Bwana wa boma alimwita. Safari hii alimpa kiti, na Abbasi akaingiwa na wasiwasi, kwa kuwa alikuwa hajawahi kupewa kiti pale.

"Kesho asubuhi piga mbiu," Bwana alisema. "Sema serikali inagawa mtama. Wanaume tu waje, ndio watakaobeba."

Njaa ilikuwa imeanza, na mtama wenyewe ulikuwa umechukuliwa na haohao. Abbasi akasema, "Ndiyo, Bwana," na macho yake yakapita mlangoni. Lango la nyuma la boma lilikuwa limepigiliwa misumari. Karibu na ghala palikuwa na marundo ya kamba mpya, wala hakuna mfuko hata mmoja wa mtama.

Bwana akaona anapotazama. Akainama mezani, akashusha sauti. "Nataka watu mia tatu. Kikosi cha Kondoa kinapita hapa. Nikipata wapya, wa zamani wataachiwa. Ndugu yako ni wa zamani. Umenielewa?"

Alimwelewa sana. Usiku ule hakulala. Upande mmoja alikuwapo Halfani, anakonda. Upande wa pili walikuwapo watu mia tatu aliokuwa akiwajua kwa sauti zao na ng'ombe wao. Alitaka kuamini. Mungu anajua alivyotaka. Lakini aliigeuza ahadi ile kama anavyogeuza kikapu, akatia mkono mpaka chini. Waliosema miezi mitatu ni hawa. Waliosema ushindi ni hawa. Tangu vita vianze hakuona mpagazi hata mmoja aliyeachiwa kwa kuwa mwingine amekuja. Aliyemwona akiachiwa ni Methusela, na yeye aliachiwa na funza. Watu wapya wangefanya vita virefuke, basi. Vita vikirefuka, nani angemfungua Halfani?

Asubuhi alipanda juu ya mwamba nyuma ya boma. Bwana alikuwa uani akitazama saa yake. Abbasi akavuta pumzi, akapiga. Fupifupi, bila kupumzika.

Pembe nyingine ikaitika upande wa Mkonze, na nyingine mbali zaidi. Vumbi likaanza kuinuka huku na huku, ng'ombe wakienda, na vumbi lote lilikuwa likielekea porini.

"Wanakuja?" Bwana aliuliza kutoka chini.

"Wanajiandaa, Bwana."

Mpaka adhuhuri walikuwa wamefika vikongwe saba na vikapu vyao. Habari za mtama zilikuwa zimewafikia kwa njia zao, kama kawaida, na walikaa langoni wakidai. Bwana akawaita askari wake awaulize mbiu ile ilikuwa ya nini, lakini nao walikuwa watu wa mbali. Pembe kwao pia ilikuwa pembe tu. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na hasira, na hasira ilitosha. Abbasi alilazwa chini akapigwa kiboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, na mpaka cha kumi na tano alikuwa akihesabu.

Siku ya nne Matonya alikuja na samli ya kumpaka mgongoni.

"Shikamoo, mzee," Abbasi alisema akiwa amelala kifudifudi. "Umefuata dume lako?"

"Marahaba. Wazee wamekaa juu ya hilo," Matonya alisema, akichota samli kwa kidole. "Wameona wezi walikuwepo kweli."

Siku iliyofuata kikosi kikapita. Mbele askari, nyuma yao wapagazi, kumi kumi kwenye kamba moja, shingoni. Kilikuwa kinaelekea kusini, na safari hii hakuna aliyeitwa kutangaza ushindi. Abbasi alijikokota mpaka kando ya njia, Mwamvua akimshika mkono. Halfani alikuwa akiwapita bila wao kumtambua. Yeye ndiye aliyeita.

"Kaka!"

Abbasi akatembea sambamba naye, mgongo ukimwaka. Halfani alikuwa akitazama nyuma ya Abbasi, langoni, uani, kila mahali.

"Wako wapi?" aliuliza. "Tumeambiwa tunabadilishwa hapa. Watu wa kutupokea wako wapi?"

Abbasi angeweza kusema hajui. Akamwambia yote, kwa maneno machache, kwa sababu kamba ilikuwa haisimami: pembe aliyopiga, na kwa nini.

Halfani akamtazama mtu aliyefungwa mbele yake. Kisha akatikisa kichwa.

"Kondoa pia walituambia hivyo. Wapya walikuja, tukafungwa wote kamba moja. Huyu mbele yangu alikuja kunibadilisha mimi." Akajaribu kucheka kama zamani. "Umefanya sawa, kaka."

Askari akamsukuma Abbasi pembeni kwa kitako cha bunduki. Kamba ikaendelea. Halfani akageuza shingo kadiri kamba ilivyomruhusu.

"Lakini leo nilikuwa nimeamini," alisema.