Saksofoni Si ya Matanga

Juzi nikiwa katika duka la simu Lurambi, spika ya mlangoni ilitoa saksofoni, polepole, na mama aliyekuwa akinunua chaja akauliza, "Nani ameenda?" Watu wakacheka. Mimi nilitoka na hasira niliyoibeba tangu utotoni.

Wacha nikueleze. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, baba mdogo, fundi wa mitambo kule Butali, aliniachia kanda ya jazi: piano na saksofoni tu, bila mwimbaji. Niliisikiliza hadi nikajua mpulizaji anavuta pumzi wapi. Nilitaka mtu mmoja wa kusikiliza naye, nikamchagua Ayuma, mwanafunzi mwenzangu. Nilimwandikia orodha ya nyimbo na cha kungojea katika kila mmoja. Niliiandika mara nne kwa sababu mistari ilipinda. Juu kabisa niliweka wimbo wa tatu: "Saksofoni inalia peke yake, halafu piano inaijibu. Usiondoke kabla ya piano."

Jumamosi nikaenda kwao Navakholo. Nyanya yake, tuliyemwita Kukhu, alikuwa uani akipukuchua mahindi na majirani wawili. Nikampa Ayuma orodha, nikaweka kanda kwenye redio yao, moja kwa moja wimbo wa tatu. Saksofoni ilipoanza tu, mikono yote ikasimama.

"Ni wa boma gani?" akauliza jirani mmoja.

"Nyamaza tusikie jina," akasema wa pili.

Kumbe stesheni waliyoisikiliza ilisoma matangazo ya vifo juu ya wimbo huohuo, kila jioni. Sikujua, kwetu baba alifungua stesheni nyingine.

"Hakuna jina, Kukhu," nikasema. "Ngojeni, piano inakuja."

"Mtoto huyu anatembea na matanga kwa mfuko," jirani akasema, wakacheka.

Kukhu hakucheka. Alizima redio, akanirudishia kanda. "Mwaka jana walimsoma mama yake Ayuma na hiyo. Usituletee tena."

Nakiri sikumhurumia mtu. Njia nzima niliwatukana watu wa stesheni kimoyomoyo. Nani aliwapa ruhusa? Mtu apulize roho yake yote, nao waitandike chini ya majina ya marehemu kama mkeka! Nikaona wimbo umechafuka, na mimi siwezi kuvumilia doa. Nilirekodi ukimya juu yake, nikaandika orodha mpya isiyo na wimbo wa tatu, safi kabisa. Jumatatu nikampa Ayuma.

Aliisoma taratibu. "Umeutoa ule?"

"Nimeufuta. Hautakusumbua tena."

"Mimi nilikuwa nangojea hiyo piano," akasema. "Redio huukata majina yakiisha. Sijawahi kujua unaishaje."

Baba mdogo hakukumbuka jina la wimbo, na hadi leo sijaupata. Bado nawakasirikia watu wa redio, na sitaacha. Lakini ilinichukua miaka kukubali kwamba wao walimkatia Ayuma wimbo, na aliyeumaliza ni mimi, bila hata kumwuliza.