Ndevu za Ng'ambo ya Mto

Kinyozi yule watu walimwita Jicho, na jina likamkaa. Ulikuwa ukiingia dukani kwake, kabla hujaketi alishajua kwamba mara ya mwisho ulinyolewa kwingine, na kwamba huko kwingine mashine ilikuwa butu. Alitikisa kichwa tu, akakufunga kitambaa shingoni, na wewe mwenyewe ukajiona umefanya usaliti. Sasa mtu wa namna hiyo mpe televisheni na picha ya kauboi, uone atakavyoitesa.

Picha yenyewe ilikuwa moja tu. Ilikuwa kwenye diski iliyochubuka, na deki ya pale dukani ilizikataa diski nyingine zote kama mtoto anayekataa uji. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukifungukia barabarani: viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, benchi la wanaosubiri, rafu ya taulo, na televisheni juu kabisa kwenye kona. Hadithi haikuwa ngumu. Steringi anarudi kwao kulipiza kisasi cha ndugu yake, anapigwa risasi, anajificha porini akiugua, anavuka mto, anawamaliza maadui na kuondoka na farasi wake. Steringi hafi, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Watu hawakuja kwa ajili ya hadithi, walikuja kumsikia Jicho akiichambua.

"Tazameni glasi," alikuwa akisema, ameinua kitana juu bila hata kugeuza kichwa. "Ameinywa nusu. Sasa tunaonyeshwa yule mwenye kofia, haya, tunarudi, glasi imejaa. Baa gani hiyo inajaza yenyewe? Nielekezeni nihamie."

Skafu ya steringi ilikuwa nyekundu akipanda farasi, na akishuka ilikuwa ya bluu. Bastola ya risasi sita ilifyatuka mara tisa bila kujazwa. Mkuu wa polisi, ambaye eti aliishi enzi za taa za mafuta, alikunja mkono wa shati na saa ya betri ikachungulia. Lakini vilivyomuuma Jicho kuliko vyote ni visogo. "Hawa wote wamepitiwa na mashine ya umeme," alilalamika. "Angalieni mstari huo wa shingoni. Nguzo hakuna, waya hakuna, kisogo kimechongwa na nini, shoka?" Benchi zima lilicheka, na yeye akalazimika kusimamisha kazi, maana mtu anayecheka hanyoleki.

Mama mkwe wake aliingia katika mambo haya kwa ajali. Aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake, ambako alikuwa akiishi peke yake, akavunjika paja. Alilala pale chini mpaka jirani aliyepita njia akamsikia. Mfupa ulipounga, binti yake, yaani mke wa Jicho, akamleta kwao, fimbo mkononi na mkoba mmoja. Na kwa kuwa binti alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na kutoka nyumbani alfajiri, alimwambia mumewe, "Mama asibaki chumbani akitazama dari. Akae nawe dukani." Basi akawekewa kiti cha mito karibu na rafu, na mwenyewe akajichagulia kazi ya kukunja taulo.

Mkwe ni mkwe, jamani. Jicho, aliyekuwa na maneno kwa kila mtu, mbele ya mama huyu ulimi ulimganda. Asubuhi ilikuwa, "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Umeamkaje?" "Salama tu, mama." Kisha basi, hadi jioni. Alimheshimu mno hata akasahau kuzungumza naye. Alimletea chai, akamsogezea feni, na alipopita mbele yake aliinama kidogo. Mama naye alikunja taulo zake na kutazama picha, leo na kesho, na hakuna aliyemuuliza anaipendea nini.

Siku moja duka likiwa limejaa, Jicho aligundua kosa kubwa kuliko yote. Hata mwenyewe alishangaa kwamba lilikuwa limempita siku zote hizo, tena lilikuwa la fani yake. Akashika rimoti, akaisimamisha picha.

"Ndevu," alisema. "Tazameni ndevu. Anaingia mtoni na ndevu za mgonjwa, zimemfunika hadi shingoni. Haya, anatokea ng'ambo." Akabonyeza. Steringi akapanda ukingoni, maji yakimchuruzika, mashavu yake laini yanang'aa. "Mto ule ule, farasi yule yule, shati lenye damu ile ile. Nani kamnyoa humo majini? Samaki?"

Duka lilipasuka kwa kicheko. Fundi baiskeli alijipiga mapaja, muuza magazeti akataka irudiwe, na ikarudiwa. Tangu siku hiyo, kila picha ilipofika mtoni, benchi zima liliitikia kwa pamoja, "Samaki!"

Mama mkwe aliweka taulo chini, akashika fimbo yake na kwenda chumbani. Siku iliyofuata aliondoka tena picha ilipofika mtoni. Siku ya tatu hakuja kabisa dukani, na jioni, wakila, alimwambia binti yake kwamba Jumatatu mpwa wake atakuja na pikapu kumrudisha nyumbani kwake.

"Kwenye ngazi zile, mama?"

"Ni ngazi zangu."

Usiku huo huo mke alimbana mumewe jikoni, kwa sauti ya chini ambayo wanaume wote waliooa wanaijua. "Umemfanya nini mama yangu?"

"Mimi? Hata kuongea naye siongei."

"Labda ndiyo hiyo. Akianguka tena kule hatainuka. Nakuomba, mume wangu. Muulize, mbembeleze, fanya unalojua, lakini mama asiondoke."

Jicho akaanza kuhangaika. Alidhani ni kelele, akawakataza wateja kupaza sauti, wakawa wananong'ona kama wako msibani. Alidhani ni kiti, akaongeza mto. Akawaza pengine ni lugha ya fundi baiskeli, ambayo kweli haikuwa ya kusikiwa na mama wa mtu, akamfukuza kwa siku mbili. Mama mkwe alimshukuru kwa mto na kuendelea kufungasha.

Jumapili duka lilikuwa limefungwa na mke amelala kwa uchovu wa zamu. Jicho alimkuta mama mkwe dukani, kwenye kiti chake, anatazama televisheni iliyozimwa. Mkoba ulikuwa miguuni pake, tayari.

"Mama, naomba nikuwekee picha."

"Ya nini, baba? Si imejaa makosa."

"Leo nitafunga mdomo."

"Utaweza?"

"Nitajitahidi."

Mama alitabasamu kwa mbali. Jicho aliweka diski, akaenda kukaa kwenye benchi kama mteja. Glasi ikajijaza, akauma ulimi. Skafu ikageuka bluu, akatazama vidole vya miguu yake. Risasi ya saba, ya nane, ya tisa, akakohoa.

"Unaumwa?" aliuliza mama.

"Hapana, mama. Kifua tu."

Picha ikafika mtoni. Safari hii Jicho hakutazama juu, alimtazama mama. Steringi alipoingia majini na ndevu zake za ugonjwa, mkono wa mama ulikaza kwenye fimbo. Alipotokea ng'ambo na mashavu safi, mkono ule uliiachia fimbo, ukapanda polepole hadi kwenye shavu lake mwenyewe, ukatulia pale. Jicho alihisi aibu kweli kweli. Pamoja na jicho lake lote, hakuwahi hata siku moja kukitazama kiti hiki.

"Mama," alisema, "nimekukosea wapi?"

Mama alimngoja farasi amalize kupanda ukingo.

"Baba yake mkeo hukumkuta," alisema.

"Hapana, mama. Sikujaliwa."

"Alikuwa ananyoa kila asubuhi. Hata siku ya mvua, hata siku ambayo hana pa kwenda. Anatundika kioo chake dirishani, anaimba vibaya, ananyoa. Ndevu zikichomoza kidogo tu anajiona mgonjwa. Halafu akaja kuugua kweli. Hospitali ilikuwa mbali na nyumbani, tukakaa huko hadi ndevu zikamfunika, zikafika hapa shingoni. Asubuhi moja akaniambia, mke wangu, nenda kaniletee wembe wangu, nisionekane hivi. Nikaenda. Niliporudi nao mkobani, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa."

"Nikaomba anyolewe kabla ya kuzikwa. Wakaniambia, mama, muda hakuna. Wakamzika nazo." Alisogeza fimbo yake kidogo, akairudisha palepale. "Sasa wewe unadhani kosa hilo sikuliona? Nililiona siku ya kwanza nilipokaa hapa. Mtu anaingia mtoni na ndevu, anatoka hana. Nikasema moyoni, afadhali huyu, amepata wa kumnyoa. Basi kila siku nangoja hapo tu. Wale wengine na bastola zao mimi siwajui. Nafumba macho akiingia majini, nikifumbua, namwona mume wangu amekuwa nadhifu. Halafu ukaja kuwaambia watu ni samaki."

Machozi yalimtoka Jicho, na hakuyaficha. Alitaka kusema samahani, akaona ni neno dogo. Alitaka kusema pole, nayo akaona haitoshi. Mwishowe akashika kile pekee alichokijua vizuri duniani.

"Samaki hakuna, mama. Nilisema uongo. Alipita kwa kinyozi."

"Kinyozi gani, kwenye pori lile?"

"Nyuma ya kile kilima kuna kibanda. Hawakukionyesha, lakini kipo. Kinyozi alimwona anakuja, akajua huyu ni mgonjwa, akabandika maji motoni. Akamkalisha, akalowesha taulo, akalikamua, akamwekea usoni mpaka ndevu zikalainika. Huwezi kumvamia mtu wa hivyo na wembe mkavu. Kisha povu, jingi. Akaanza upande wa sikio, akashuka na wembe kwa kufuata ndevu zinakolala."

"Alimuuliza maswali?"

"Kinyozi anayejua kazi hamuulizi mgonjwa maswali, mama. Mwenyewe alikuwa hajalala siku nyingi. Taulo la pili lilipomgusa, akasinzia pale pale kitini. Kinyozi akamwacha alale."

Mama mkwe alikuwa amefumba macho. "Kidevuni ana kidoti," alisema. "Hapa, kushoto. Wasiokijua humkata."

Jicho aliinua mkono, akauzungusha hewani taratibu kana kwamba ameshika wembe. "Anakijua, mama. Amekizunguka. Hata tone halikutoka."

Hapo mama akalia, kilio cha mtu aliyekiahirisha muda mrefu, na Jicho akachemsha maji, akalowesha taulo moja kati ya zile alizozikunja mama, akalikamua na kumpa. Mama alijifunika nalo uso, akakaa hivyo mpaka likapoa.

Jumatatu mpwa alikuja na pikapu yake, akanyweshwa chai, akarudi mikono mitupu. Mkoba ulifunguliwa. Nguo zilirudi kabatini, na wembe wa zamani, mpini wake umechakaa kwa kushikwa, ukawekwa dukani kwenye rafu ya taulo. Mke wa Jicho aliuliza mama amebembelezwa kwa maneno gani, na mumewe akajibu kwamba ni mambo ya kinyozi tu.

Picha iliendelea kuchezwa, na Jicho, usidhani aliokoka, aliendelea kuichambua. Glasi aliisema, saa ya betri aliisema, visogo ndiyo usiseme. Ila ilipofika mtoni aliinama kwenye kichwa kilichokuwa mbele yake na kunyoa kimya. Fundi baiskeli, ambaye alikuwa amesamehewa na kurudishiwa nafasi yake benchini, hakuwa na habari. Akapaza sauti, "Samaki!"

"Hapana," alisema Jicho. "Alipita kwa kinyozi."

"Acha mzaha wewe. Pori tupu lile, kinyozi atoke wapi?"

Mama mkwe alikuwa katikati ya kukunja taulo. Hakuondoa macho yake kwenye mashavu yale yaliyokuwa yakitoka majini.

"Alipita hapa," alisema. "Mkwe wangu ndiye aliyemnyoa."

Fundi baiskeli alimtazama mama, akamtazama Jicho. Jicho alikuwa amezima mashine, anaifuta kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi. Kisha akaiwasha tena na kumwambia mteja wake ainamishe kichwa kidogo.