Masikio ya Daktari wa Mashine

Mume wangu hajakanyaga chuo chochote cha udaktari, lakini kiwandani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Daktari. Mashine ya kufuma ikianza kusumbua, huchukua bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao, akaweka ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha husema, "Beringi ya kushoto. Wiki hii haimalizi." Na kweli haimalizi. Wasimamizi watatu wamekuja wakaondoka, yeye bado yupo, mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Mimi ni mfumaji humo humo, mashine ya sita na ya saba. Kwa asiyejua, ndani mna mashine themanini na zote hupiga kwa pamoja. Aliye ubavuni mwako hata akupigie ukelele humsikii. Tunasemezana kwa midomo na vidole, na umbea wetu haujapungua hata kidogo kwa sababu hiyo. Ukitoka jioni kichwa kinaendelea kuvuma mpaka kitandani. Wanawake tulikuwa tukiziba masikio kwa pamba tunayookota sakafuni, maana pale pamba ndicho kitu pekee kisichoadimika. Daktari akituona hucheka mpaka anajishika mbavu.

"Mmejiziba pamba kama maiti! Nani amewaosha?"

Vikinga masikio vilikuwepo. Hilo ndilo linalonichemsha damu. Vile vipana vya manjano vinavyofunika sikio zima, vimepangwa ndani ya kabati la mtunza stoo, na plastiki zake hazijachanwa. Vilitoka siku ya mkaguzi wa usalama kazini tu. Mkaguzi akiingia, tumevaa. Gari lake likitoka getini, mtunza stoo anapita na boksi, anahesabu, anapiga kufuli.

"Mtavichafua," anasema.

Vya manjano visichafuke, masikio yetu yaoze. Na ukutani, pale pale getini, wameandika kwa rangi nyekundu kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Nimepita chini ya maneno hayo miaka yote bila kuyatemea mate, sijui kwa nini.

Daktari hata hiyo siku ya mkaguzi hakuvaa, walimtuma nje akague jenereta. Msimamizi alikuwa na wimbo mmoja: "Daktari akiziba masikio, nani atazisikia mashine?" Basi mwanamume wangu kichwa kikavimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa sikio, akalitoa lote.

Nyumbani redio ilipanda kidogo kidogo. Jirani akanitania, "Mama, siku hizi taarifa ya habari tunaisikilizia kwenu, ya kwetu tumezima." Nikacheka. Nikimwambia mume wangu chakula tayari, ananijibu kuhusu mvua. Niliiita jeuri, tukanuniana siku nzima. Ningekuwa na akili ningejua, maana mimi mwenyewe nashinda ndani ya kelele ile ile.

Nilijua siku niliyomwachia mjukuu. Binti yetu alikwenda dukani, mimi nikatoka uani kuanika nguo. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, babu yake amekaa amempa mgongo, anatengeneza pasi. Nilisikia kilio, nikajiambia babu yupo. Nikaanika shuka, nikaanika mashati. Kilio kikawa cha kukauka koo. Niliporudi ndani mtoto amebingirika mpaka chini ya meza, uso umeiva, na mume wangu anakaza skrubu huku akipiga mluzi.

Nilimrushia kandambili. Ilimpata begani, akageuka akitabasamu, kisha akamwona mtoto. Sitaisahau sura ile. Binti yetu alifika, akamchukua mwanawe. Tangu siku ile hakumwacha tena na babu yake.

Kesho yake nilimburuta hospitali. Kiwandani hupimwa masikio kila mwaka, na kila mwaka karatasi husema mzima. Nikamuuliza njiani walikuwa wanampimaje. Nesi wa kiwanda hukaa mbele yake, akibonyeza kitufe cha mlio bega linasogea, naye anainua mkono kana kwamba amesikia. Alinieleza kama mtu anayesimulia ujanja. Nesi wa hospitali aligeuza kiti cha mgonjwa kikatazama ukuta. Mkono wa mume wangu ulikaa gotini muda mrefu mpaka nikatamani kuuinua mimi.

"Kilichokufa hakirudi, mama," nesi aliniambia. "Kimebaki kidogo. Mjukuu akimwita kwa karibu atamsikia. Lakini akiendelea na kelele hiyo bila kinga, hata hicho kidogo hakifiki mwakani."

Sikio la kufa halisikii dawa, shemeji yangu alisema tuliporudi. Nilimwambia anyamaze. Sikio hili dawa yake ilikuwepo, imefungiwa kabatini.

Mkaguzi alipokuja tena, vikinga vikagawiwa. Nilichukua viwili, nikamwahi Daktari kabla hajatumwa nje, nikamvalisha kwa mikono yangu mbele za watu. Gari likatoka getini. Mtunza stoo akaja na boksi. Nikatikisa kichwa. Nikamgeukia mwenzangu wa mashine ya nane nikamwambia kwa midomo, "Usivue." Naye akamwambia wa tisa. Neno likaenda safu kwa safu, na mtunza stoo katikati yetu hakusikia kitu. Alipoanza kufoka, kila mtu alimwonyesha masikio: hatukusikii, baba.

Msimamizi alikuja mbio, akazima umeme. Mashine zote zikanyamaza.

"Daktari, waambie wenzako," alisema. "Wewe ndiye fundi. Ukivaa madude hayo utazisikiaje mashine?"

Mume wangu alikuwa anamtazama midomo. Hakuvua. Akajibu kwa sauti kubwa, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

"Mwaka wa tatu huu sizisikii! Nazishika kwa kiganja. Ikitetemeka vibaya, mkono unaniambia. Bisibisi naweka sikioni kwa sababu mnapenda kuiona. Kuna mashine imelala miaka hii mitatu?"

Haikuwepo hata moja. Msimamizi akarudi kuwasha umeme.

Nilitaka kumkumbatia mume wangu na nilitaka kumzaba kofi. Miaka mitatu alijua, akanicheka mimi na pamba yangu! Na wale waliomwimbia wimbo wa masikio, kumbe kiganja kingetosha. Walimla masikio bure, na sijawasamehe.

Boksi lilirudi stoo tupu. Tunavaa kila siku, vimechafuka, tunaviosha.

Mjukuu wetu sasa anatembea na kusema. Mimi na mama yake hutuita kutoka popote alipo. Babu yake hamwiti hivyo. Humfuata kwanza, akamvuta suruali mpaka ageuke, ndipo amwambie anachotaka. Hakuna aliyemfundisha.