Shina la Shangazi Loutfia

Serikali ilipofunga ofisi zake mwaka 1977, Kamardine, bwana shamba, alirudi Mutsamudu kutoka Moroni bila kazi. Hata hivyo, kila Jumatatu alipanda hadi kijijini kwetu Patsy kwa miguu kukagua migomba yetu.

Siku moja alimkuta shangazi yangu Loutfia akichimba chipukizi la kumpa binti yake aliyeolewa. Shina lenyewe alipewa na marehemu mama yake. Majani yalikuwa yamedumaa, yamesongamana juu kama ufagio.

“Ni virusi, Bi Loutfia. Utampelekea mwanao ugonjwa. Ng'oa shina zima.”

“Nani kakutuma? Si umefukuzwa kazi wewe!”

“Migomba haijanifukuza.”

Shangazi alicheka, kisha akaling'oa mwenyewe huku akilia. Jumatatu iliyofuata Kamardine alikuja na chipukizi safi begani. Ndizi zake tunazila hadi leo.