Punje Zilizogawanyika kwa Kumi

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, kwetu Ruhuwiko kulikuwa kumebaki kibuyu kimoja tu cha mbegu za mahindi, ambacho mama alikifukia kabla maghala hayajachomwa. Tulikula mizizi na majani, lakini mama hakutafuna hata punje. Mimi nilikililia kibuyu kile kila siku. Njaa haina adabu.

Mvua zilipokaribia, akawaita wajane wenzake wagawane. Kuhesabu hadi mamia hakuna aliyejua. Kila nyumba ilichimbiwa kishimo uani kwetu, kama cha bao, na mama akapita na ungo wa mbegu akidondosha punje mojamoja, zamu baada ya zamu, mpaka ungo ukawa mtupu. Nyumba zilikuwa nane, na punje ya mwisho iliangukia kishimo cha mwisho. Wanawake wakapiga vigelegele. Mbegu zimekubali, wakasema.

Baadaye ikatoka porini nyumba ya tisa. Punje zote zikarudishwa kwenye ungo, zikagawanywa upya, zikatoka sawasawa. Ikaja ya kumi, zikatoka sawa tena. Wakaamini kwamba marehemu wetu ndio wanaogawa.

Miaka mingi baadaye, nikisoma misheni, nilizikumbuka punje za mgawo wetu wa mwisho, mia mbili ishirini na tisa, maana nilizipanda kwa mkono wangu, mistari ishirini na miwili ya punje kumi kumi, na mmoja wa tisa. Nikapiga hesabu nyuma. Kibuyu kilikuwa na punje elfu mbili mia tano na ishirini! Hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayogawanyika kwa moja, kwa mbili, kwa tatu, hadi kwa kumi, bila kubakiza kitu. Nilicheka peke yangu darasani, kisha nikalia. Namba ile ina mkono wazi kwa wote hadi wa kumi. Kwa kumi na moja inabakiza moja.

Na nyumba ya kumi na moja ilikuja. Alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni, mjane wa ruga-ruga, askari wa kukodiwa wa Mjerumani, mmoja wa wale waliotuchomea maghala. Hakuna aliyemkaribisha. Mama akachimba kishimo kingine bila kumuuliza mtu, akazirudisha punje zote kwenye ungo, akazungusha zamu za mgawo ule wa mwisho. Mwishoni punje moja ikabaki kwenye ungo.

"Umeona, dada?" akasema jirani yetu. "Sisi kumi zilitukubali. Huyu zimemkataa."

Msichana akageuka aondoke. Nilimtazama mama. Baba alikuwa amenyongwa bomani, na waliompeleka huko walikuwa ruga-ruga. Kama angenyamaza tu, nani angemlaumu? Akaiokota ile punje, akainama, akaitia katika kishimo cha yule msichana.

"Hazijamkataa," akasema. "Hiyo ni nyongeza yake. Rudi, mwanangu, uchukue mbegu zako. Mvua haitusubiri."

Msichana akapiga magoti, akaanza kuzoa, machozi yakimdondoka. Mtoto naye akalia. Jirani yetu akasonya, akaenda kumfungua yule mtoto mgongoni, akampakata.