Sweta la Óluva wa Heygi

Kwenye blogu yake, Sunnvá alidhani ameficha kila kitu. Jina la mama mzee aliyekuwa akimhudumia alilibadilisha. Kijiji akakihamishia kisiwa kingine. Binti wa mama huyo akamgeuza mwana wa kiume, na maumivu ya nyonga akayaita ya goti. Lakini kwa kuwa alitaka msomaji amwone mama ameketi pale dirishani, akaeleza na sweta lake: nyayo za ndege zinazopanda mpaka mabegani, na juu yake safu moja ya uzi mweusi iliyofumwa kichwa chini.

Bora angetoa namba ya simu ya huyo mama.

Kabla ya chakula cha jioni mtu alikuwa ameshaandika chini ya blogu: "Huyu si Óluva wa Heygi? Nani mwingine anafuma hivyo?" Wengine wakaitikia kuwa ndiye, hakuna mwingine. Mmoja aliuliza kama bado anapokea wageni.

Sunnvá alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Ujana wake wote aliumaliza kwenye kiwanda cha samaki, na kilipofungwa akaenda Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vyao, kusomea uuguzi, pamoja na vijana waliotosha kuwa wanawe. Darasani hakufungua mdomo. Kwao mtu anayejisemea sana hutazamwa kama anayejiuza, na yeye alilelewa hivyo hasa. Ndiyo maana mwalimu Jóhild alipotangaza kwamba sehemu ya alama za somo zitatokana na blogu, kila mwanafunzi aandike aliyojifunza kwenye nyumba ya wazee na aiache wazi isomwe na yeyote, wenzake waliguna, Sunnvá akashukuru kimoyomoyo. Angeweza kusema bila kutazamwa. Alama zake zikaanza kupanda.

Andiko lile lilihusu siku alipomwogesha Óluva mgongo. Alipoweka kiganja katikati ya mabega, mama alilia taratibu, akasema kwamba tangu mumewe afe hapo hapajaguswa na mtu asiyevaa glavu.

"Nimeshalifuta," Sunnvá alisema kabla hajakaa vizuri ofisini kwa Jóhild.

"Nimeona. Ila visiwa vyote vimeshalisoma. Mama yangu kanipigia kutoka kisiwa cha Suðuroy."

"Alisemaje?"

"Alilia. Halafu akauliza hilo sweta linauzwa wapi."

Hakuna aliyecheka. Sheria Sunnvá aliijua: anayemwanika mgonjwa anafeli somo, wala chuo hakimruhusu tena kugusa mgonjwa.

"Nilibadilisha jina, Jóhild."

"Jina! Hapa nani anamjua mtu kwa jina?" Jóhild alijipangusa uso kwa viganja. "Na ni mimi niliyewaambia muandike wazi. Nimeongea na walimu wenzangu. Nenda kwa mwenyewe, mwambie ulichofanya. Akiridhia, tutakuwa na pa kuanzia. Akikataa, sina namna."

Dada yake Marjun alipopigiwa simu hakumwonea huruma. "Miaka yote hiyo hunong'oni, siku ukisema unaanika bibi wa watu!"

"Marjun, usinichekeshe, nitatapika."

"Tapika, halafu ingia kwenye gari."

Kwenye nyumba ya wazee, mlangoni pa chumba cha Óluva, Sunnvá alikuta viatu. Viatu vya mvua, vya wanawake na wanaume, vimerundikana mpaka ukutani. Siku zote alizofanya kazi pale hakuwahi kukuta hata jozi moja. Ukoo umekuja kunihukumu, aliwaza, akavua vyake.

Ndani kulinukia kahawa. Majirani zake wa kijijini walijaa kitandani na dirishani, sahani za keki magotini.

"Ndiye huyo!" Óluva aliita kutoka kwenye kiti chake. "Mwandishi wetu. Haya, nyinyi tokeni kidogo, mmeninywea kahawa ya wiki nzima."

Walipotoka, alimkazia macho. "Umenipa mwana wa kiume. Mwana! Mimi nimezaa binti yangu Beinta peke yake, na kelele zake zinanitosha."

"Bibi, nimekuja kuomba radhi, na mwalimu wangu anangoja neno lako. Yale ya mgongo hayakuwa yangu kuyasema."

Óluva aliishusha kazi yake ya kufuma mapajani, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Kweli. Hayakuwa yako."

Basi, imekwisha, Sunnvá aliwaza.

"Ungeniuliza kwanza. Ningekataa, mimi mkaidi. Na ningeendelea kukaa hapa na dirisha langu." Óluva alielekeza kidole kwenye vikombe. "Hao walidhani nataka kuachwa na msiba wangu. Mimi nilidhani wamenichoka. Kila mtu akabaki kwake, akidhani anamheshimu mwenzake. Beinta aliponililia kwamba nimeanikwa, nilikasirika siku nzima. Kesho yake wakaanza kugonga mlango." Akanyoosha mkono. "Nipe huyo mwalimu wako kwenye simu."

Sunnvá akapiga, akampa simu.

"Wewe mtoto wa nani?" Óluva aliuliza badala ya salamu. "Aa, wa Hans Jákup! Baba yako alinikanyaga vidole kwenye dansi, hakusema hata pole. Huyu wako kaja kusema, nami nimepokea. Nimeridhia, umesikia? Ila mpunguzie alama kidogo, kwa ajili ya huyo mwana."

Simu iliporudi sikioni mwa Sunnvá, sauti ya Jóhild ilikuwa imelegea.

"Andiko halirudi. Utaandika jingine, na safari hii anayeandikwa alisome kwanza. Alama zitashuka."

"Lakini nimefaulu?"

"Umefaulu. Jumatatu rudi kazini. Sunnvá? Pumua basi."

Nje mvua ilikuwa ikipiga kiubavuubavu kutoka baharini. Sunnvá alisimama kando ya gari bila kuvaa kofia, maji yakimtiririka shingoni. Mzee mmoja aliyekuwa akifukuza kondoo wake barabarani alisimama mbele yake.

"Vipi mama, kuna tatizo?"

"Hapana," alisema. Akalitafuta tatizo ndani yake, asilione. "Hakuna."

"Basi ingia ndani ya gari, unalowa."

"Ngoja kidogo," Sunnvá alisema.